Maswali ya wasomaji: Nimeshaungama kwa padre, kwa nini tena niende kwake?

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu kukosana na kusameheana huko parokiani kwenu, vigangoni, kwenye jumuiya na kwaya, na barua zimekuja nyingi mpaka nafasi haitoshi. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu naona jambo lenyewe lipo karibu kila jumuiya, kwa hiyo hata kama barua yako haikutokea leo soma hiyo, huenda jibu lako limo humo.

Mwalimu, mimi ni mama wa miaka 58, nipo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Mwaka jana jumuiya yetu ilichanga rambirambi ya mwenzetu, ikapatikana 186,000, halafu mfiwa akaniambia yeye kapokea laki moja tu. Nikakasirika nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya kwamba mhazini wetu anakula hela za wafiwa, nikaongeza na mengine. Kumbe ile 86,000 ililipia gari la kubeba maiti na risiti anayo mwenyekiti. Nilipojua nikafuta ile meseji, nikaenda kuungama, padre akaniondolea. Siku nyingine misa ya pili tulikaa benchi moja nikampa mkono wa amani akapokea. Lakini aliacha kuja jumuiya na sasa nasikia anasali parokia nyingine. Watu wananiambia nikamwombe radhi. Mimi naona nimeshatubu kwa Mungu, na tena yule ni binti mdogo, namzaa kabisa. Nikimwendea si najidhalilisha? Ina maana kitubio changu hakikutosha? (Mama wa jumuiya, Mbeya)

Shikamoo mama, na asante kwa kuandika bila kujificha, umetaja mpaka hela yenyewe, hiyo peke yake ni hatua kubwa.

Kwanza nikutoe hofu. Ulijuta, ukaungama, padre akakuondolea, basi umesamehewa na Mungu, na asije mtu wa jumuiya akakuambia hukusamehewa. Hilo limekwisha. Lakini mama, ng'ombe wako akiingia shamba la jirani akala mahindi, ukaenda kuungama kwamba ulimwacha makusudi, Mungu anakusamehe siku hiyo hiyo na mahindi ya jirani bado hayapo. Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1459 inalisema hilo wazi, kwamba ondoleo linaondoa dhambi lakini haliponyi madhara yote yaliyoletwa na dhambi, na kwamba haki tu ya kawaida inadai mtu afanye kila awezalo kurekebisha, arudishe kilichoibwa, asafishe jina la aliyesingiziwa. Ukienda namba 2487 utakuta wajibu huo wa kurekebisha unabaki hata pale mhusika alipokwisha kusamehewa. Yaani ni kama waliandika wakijua kuna mama wa Mbeya atauliza.

Na tulipe jambo jina lake. Kuna kumhukumu mtu haraka moyoni bila ushahidi, kuna kusengenya, yaani kutangaza kosa la mtu ambalo ni la kweli lakini hakuna sababu ya kulitangaza, halafu kuna kusingizia, kusema la uongo linaloharibu jina la mtu. Yote matatu yako kwenye namba 2477. Wewe ulianza na la kwanza ukaishia la tatu, na katikati pale palikuwa na swali moja tu la kumuuliza mwenyekiti, 86,000 imeenda wapi. Sikuambii hivi nikuumize. Nakuambia kwa sababu ukienda kwa binti yule kabla hujaliita jambo lenyewe kwa jina lake utajikuta unaomba msamaha wa kitu kingine.

Sasa umesema ulifuta ile meseji. Mama yangu, kufuta siyo kukanusha. Walioisoma walishaisoma, wengine walipiga skrinishoti wakawatumia na watu wa kanda, wakaongea sokoni na kwenye daladala. Ulichofuta wewe ni ushahidi wa kwamba uliyesema ni wewe, ila kwa binti yule hakuna kilichofutika, jina lake bado ni lile la mla hela za msiba, na kwenye jumuiya ya kaya ishirini au thelathini, ambako watu wanachota maji bomba moja, jina hilo ni mzigo wa kila siku. Ndo maana anapanda gari kwenda kusali mbali. Hizi jumuiya ndogondogo maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozifanya mwaka 1976 kuwa njia yetu ya kichungaji ilikuwa ili Kanisa liwe pale pale wanapoishi watu, majirani wanaofahamiana kwa majina, na uzuri huo huo ndo unaofanya kosa la jumuiya liume kuliko kosa la mjini ambako hakuna anayekujua.

Na lile la mkono wa amani, sitalidharau, pengine kwako ulikuwa mkono wa kweli kabisa. Lakini yeye angejuaje? Padre kasema peaneni amani, umemgeukia wa kulia, umemgeukia wa kushoto, yeye akiwa mmoja wao. Akatae kukushika mkono mbele ya watu? Asingeweza. Hukumwambia neno.

Huwa napenda sana namna Mtakatifu Benedikto alivyolipanga jambo hili kwenye Kanuni yake, ile ile ambayo wamonaki wa Peramiho na Ndanda wanaiishi mpaka leo. Sura ya 45 inasema mmonaki akikosea kwenye sala, labda zaburi au somo, ajinyenyekeze pale pale mbele ya wote. Sura ya 46 inasema akivunja au kupoteza kitu jikoni, stoo, bustanini au popote, aje mwenyewe mara moja aseme, wasije wakamsemea wengine. Lakini sura hiyo hiyo inamalizia kwamba kama ni dhambi iliyofichika rohoni, aifunue kwa abati au kwa wazee wa kiroho tu, wale wanaojua kutibu majeraha yao na ya wengine bila kuyaanika. Umeona ilivyo? Lililofanyika mbele ya watu linarekebishwa mbele ya watu, la siri linabaki la siri. Kwa hiyo kama ulimwonea binti yule wivu moyoni miaka mitano na yeye hajui, hilo usiende kumwambia, litamuumiza bure, hilo liliishia kwenye kiti cha maungamo. Lakini la grupu lilisikiwa na grupu, ni lazima lirudi kwenye masikio yale yale. Na padre hawezi kukusaidia kulimaliza kwa kupitia ulichomuungamia, mdomo wake umefungwa, Kanuni namba 983 ya Sheria za Kanisa haimruhusu kumsaliti mwungamaji kwa neno wala kwa namna yoyote. Ukitaka awe msuluhishi mwendee ofisini siku nyingine umweleze upya kama mtu anayeomba msaada.

Nenda kwake nyumbani kwanza, peke yako, au na mtu mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili. Usiende na zawadi siku hiyo. Najua kwetu kwenda mikono mitupu siyo adabu, lakini kilo mbili za sukari zikiwa mezani atashindwa kukuambia kinachomuuma. Na ukifika usimwambie "mwanangu, kama kuna mahali nilikukosea naomba unisamehe". Hiyo "kama" inaharibu kila kitu, manake bado hujakubali kwamba kosa lipo, unamwachia yeye kazi ya kuthibitisha. Sema hivi, au karibu na hivi: "Niliandika kwenye grupu kwamba umekula hela ya msiba. Haikuwa kweli. Sikukuuliza wewe wala mwenyekiti. Nimekukosea, nakuomba unisamehe." Halafu nyamaza. Akilia mwache alie, akikufokea usijitetee kwamba na mfiwa naye alikudanganya. Mwisho muulize, je, unakubali niseme maneno haya haya jumuiya na kwenye grupu? Akikubali, Jumamosi hiyo hiyo sema, na usiku andika kwenye grupu kwa maneno mafupi, usibandike kadi ya maua yenye sala. Wala usimwambie sharti arudi jumuiya. Kurudi ni kwake.

Watakuwepo watakaokuambia mama yaishe, yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Methali nzuri, ila mwenye haki ya kuisema ni yule aliyeumizwa, wewe ukiisema ni funika kombe.

Kuhusu umri. Hapa najua ndipo pazito, kwetu mkubwa kumwomba radhi mdogo kunaonekana kama dunia imepinduka. Lakini kumbuka tarehe 11 Aprili 2019 kule Vatikani, Papa Fransisko akiwa na miaka 82, magoti yanamsumbua, aliinama mpaka chini akabusu viatu vya viongozi wa Sudani Kusini, Salva Kiir na Riek Machar na wenzao, akiwasihi wabaki katika amani. Wote walikuwa wadogo kwake. Na yeye hata hakuwa amewakosea. Kujidhalilisha ni kusema uongo juu yako mwenyewe, kujiita mbaya kuliko ulivyo ili upate kitu. Wewe utakuwa unasema ukweli tu, na binti huyo, ambaye unasema unamzaa, atakuwa amejifunza kwako jinsi mtu mzima anavyobeba kosa lake. Sina hakika kama kuna kitu kikubwa zaidi ambacho mama wa WAWATA anaweza kumfundisha.

Naweza kuungama kwa simu kwa padre aliye mbali? Na je, kumwomba mtu msamaha kwa meseji inatosha? (Kijana, Mwanza)

La kwanza hapana. Ushauri padre anaweza kukupa kwa simu na ukasaidika sana, lakini sakramenti yenyewe inataka wewe na padre mkutane ana kwa ana. Ukisubiri sana tafuta padre yeyote wa parokia ya jirani, siyo lazima awe paroko wako, na kuna watu wanaona rahisi zaidi kwa padre asiyewajua.

La pili inategemea. Kama yupo Oman anafanya kazi na wewe upo Mwanza basi tumia ulichonacho, ila piga, asikie sauti yako. Kama anakaa mtaa wa tatu kutoka kwako na unamtumia "samahani kwa yote", aisee kijana, unajua mwenyewe kwa nini hukutembea.

Mimi ni katekista wa kigango. Siku ya kuandikisha watoto wa ubatizo nilimrudisha binti aliyezaa nyumbani, nikamwambia mbele ya watu akamlete kwanza baba wa mtoto. Baadaye paroko akanieleza kwamba mtoto yule angeweza kubatizwa. Nimejisikia vibaya, lakini binti ameacha kuja kabisa. Nikiomba msamaha hadharani sitapoteza mamlaka? Waumini wa hapa ni wagumu, wakiona umeinama mara moja wanakupanda kichwani. (Katekista, Ruvuma)

Mwalimu mwenzangu, kazi yako naijua. Unatembea na baiskeli vigango vitatu, posho ni ndogo au hakuna, padre anafika mara moja kwa mwezi na siku zote nyingine Kanisa la pale ni wewe. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ile binti yule hakufukuzwa na mtu mmoja mwenye hasira, yeye aliondoka akijua Kanisa limemfukuza, na mtoto mgongoni.

Paroko wako yuko sahihi. Kanuni namba 868 inataka mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani katoliki. Baba wa mtoto kuletwa kwenye mstari hakumo. Mama aliyebeba mtoto kwa miguu kuja kumwandikisha tumaini hilo ameshalileta.

Mamlaka. Ngoja nikuambie yangu. Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya miaka sita, na Jumamosi moja nikasoma kwa sauti majina ya kaya ambazo hazijatoa mchango wa ujenzi wa kigango, nilidhani nafanya kazi yangu. Jina la nne lilikuwa la mzee mmoja aliyekaa benchi la mlangoni, kofia kaiweka gotini. Hakusema kitu, aliangalia tu chini. Nafika nyumbani mke wangu ananiambia mzee yule ameuza mbuzi wake wawili kwa ajili ya kumlaza mkewe hospitali, jumuiya nzima inajua isipokuwa mwenyekiti. Ile wiki ilikuwa ndefu. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kusoma Neno, nilisimama nikasema wiki iliyopita nilimsoma baba huyu mbele yenu bila kwenda kwake kumuuliza hali, nimekosa kwake na kwenu, naomba mnisamehe. Nilikuwa natetemeka kweli. Mzee akachukua kofia akaivaa, akakumbuka tupo kwenye sala akaivua tena, akasema "nimesikia mwenyekiti, tuendelee". Basi. Hakunikumbatia, hakuna aliyepiga makofi. Lakini kuanzia hapo watu walianza kunifuata wenyewe nyumbani kuniambia shida zao kabla sijafika kwenye jina lao, kitu ambacho miaka mitatu ya kusoma orodha hakikuwahi kutokea.

Halafu angalia wakubwa wetu. Tarehe 12 Machi 2000, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Papa Yohane Paulo wa Pili alisimama mbele ya dunia nzima akaomba msamaha kwa Mungu kwa dhambi za wana wa Kanisa katika historia. Walikuwepo waliomwonya kwamba atawapa maadui silaha. Tarehe 28 Machi 2014 Papa Fransisko kwenye ibada ya kitubio katika Basilika ya Mtakatifu Petro alikuwa anaongozwa kwenda kukaa kuungamisha, yeye akanyoosha moja kwa moja mpaka kwa padre mwingine, akapiga magoti akaungama kwanza, watu wote wakimwona. Upapa haukupungua.

Lingine ni hili. Jumapili unapoongoza ibada ya Neno ni wewe unayeanzisha "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu, kwani nimekosa mno". Nanyi ndugu zangu. Tunalisema haraka haraka mpaka tumesahau kwamba pale tunaungama na kwa waliokaa karibu yetu. Unapiga kifua mara tatu mbele ya watu wale wale waliokuona ukimrudisha binti. Nakuomba Jumapili moja uliseme polepole, halafu kabla ya matangazo uwaambie siku ile ya kuandikisha nilikosea, mtoto yule alikuwa na haki ya kupokelewa. Usitaje jina la binti, wanajua.

Lakini kwanza nenda kwao. Nenda mchana, nenda na mama mmoja wa WAWATA, usiende peke yako kwa binti anayeishi mwenyewe, maneno yakianza mtaani atakayeumia ni yeye tena. Peleka daftari la ubatizo. Mwambie nimekuja kuandika jina la mtoto, lile nililokataa. Akikuambia sasa anasali kwingine na hataki kusikia, msikilize mpaka mwisho, na daftari lirudi jinsi lilivyo. Utakuwa umefanya lako. Na hao wagumu wa kigango chako ambao unasema watakupanda kichwani, mimi nadhani wengi wao wana kitu walichoambiwa mbele ya watu na kiongozi fulani wa kanisa miaka mingi iliyopita na hakuna aliyewahi kuwarudia.

Mume wangu alifariki, na baada ya msiba mdogo wake akachukua cherehani yangu ninayopatia riziki. Siku ya misa ya arobaini akasimama mbele ya watu akasema "shemeji kama nimekukosea nisamehe", akapiga magoti, vigelegele vikapigwa, nami nikasema nimekusamehe. Mpaka leo cherehani iko kwake, mkewe anashonea. Nikidai naambiwa si ulishasamehe mbele ya padre? (Mama mjane, Kilimanjaro)

Pole sana dada yangu, pole ya msiba na pole ya hili.

Ulisamehe kinyongo, hukugawa cherehani. Hivyo ni vitu viwili na wanaovichanganya wanajua wanachofanya. Zakayo kwenye Luka 19 alipokuwa amesimama mbele ya Bwana hakusema "kama nimemkosea mtu anisamehe". Alitaja mali, nusu kwa maskini, na aliyenyang'anywa kwa hila arudishiwe mara nne. Na ni baada ya maneno hayo ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Katekisimu namba 2412 inamtaja Zakayo huyo huyo inapofundisha kwamba kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Shemeji yako alipiga magoti vizuri, sikatai, lakini magoti yale bado yana deni la cherehani moja.

Kwa hiyo kudai siyo kosa na wala siyo kuvunja msamaha wako. Mweleze yeye mwenyewe mkiwa wawili, kwa upole, shemeji nilikusamehe na bado nimekusamehe, naomba cherehani yangu. Asipotoa nenda na mashahidi wawili, ndivyo Mathayo 18 inavyotufundisha, wawe mwenyekiti wa jumuiya na mzee mmoja wa ukoo anayesema kweli. Asipotoa tena mwone paroko. Na yote hayo yakishindikana mahakama ipo, usione aibu kwenda, unatafuta haki ya watoto wako. Kusamehe hakukuzuii kwenda mahakamani, kunakuzuia tu kwenda ukiwa na moyo wa kumwangamiza.

Nawaomba na mapadre na viongozi wanaosoma hapa, tuache kuwasimamisha watu kusameheana hadharani kabla hatujauliza kitu gani kimechukuliwa. Mjane aliyezungukwa na vigelegele vya ukoo mzima atasema nini zaidi ya nimesamehe?

Nilimpiga kofi mwalimu mwenzangu wa kwaya mbele ya wanakwaya, tuligombania nyimbo za Pasaka. Nimeungama, nimeomba msamaha mbele ya kwaya nzima, nimekwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu hakufungua geti, alisema kupitia kwa mtoto kwamba hataki kuniona. Je, niendelee kukomunika? Na nifanye nini tena? (Mwalimu wa kwaya, Dodoma)

Komunika ndugu yangu. Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, na wewe umeiacha ukaenda, tena mara tatu. Mtume Paulo kwa Warumi 12 anasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Kwa upande wenu. Upande wako umefanya, ule mwingine huna funguo zake. Kabla hujapokea unasema pamoja na wote "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona", iseme ukimkumbuka na yeye.

Usirudi getini. Najua unatamani jambo liishe ili upumue, ila hiyo haraka ni ya kwako, yeye bado ana shavu lililopigwa mbele ya vijana aliokuwa anawafundisha, na kila mazoezi wanapomwangalia anakumbuka. Msamaha ni wa kuomba, haudaiwi kama mchango. Usiwatume watu wamshinikize, usimlalamikie kwamba ni mgumu wa moyo, na mtu akimsema vibaya mbele yako mkatishe, mwambie kosa lilikuwa langu. Kama kwaya ina nafasi ya yeye kuongoza misa kubwa mpishe, na usitangaze kwamba umempisha.

Mwombee kwa jina lake kila siku, hata sala fupi. Na likitokea jambo kwake, kama msiba, nenda kama waendavyo wengine. Kaa nyuma. Wakati wa kushusha viti na maturubai kwenye gari shusha na wenzako, wakati wa kuosha masufuria kaoshe, usimtafute macho. Akipita karibu na akakusalimia itikia, asipokusalimia endelea kupanga viti.